Mutoshi: tuache kuzoeza batoto mbele ya goli tupu

Ndugu zetu vijana wa Mutoshi,

Kila mangaribi, pa viwanja vya vumbi vya kwetu, tunaona mazoezi ya namna moja. Batoto banajipanga mustari. Mutu anapiga mupira golini, anarudi nyuma, anangoja. Beki haiko. Siku ya mashindano, mutoto huyo huyo aliyefunga mara kumi anakosa, na watu banamutukana ati roho yake ni ndogo. Kuko benye kuacha mupira kabisa juu ya maneno hayo.

Sisi tunasema wazi: kosa haiko la mutoto. Ni letu sisi tunaomuzoeza. Hatukumufundisha hata siku moja kupiga wakati mutu anamusukuma bega na kumufungia njia.

Mukumbuke tarehe 14 Desemba 2010, kule Abu Dhabi. TP Mazembe yetu ya Katanga ilipiga Internacional ya Brazili 2-0. Goli ya pili, Kaluyituka alikuwa na beki mbele yake. Hakungoja njia ifunguke. Alimuyumbisha, akapiga chini.

Haiko mupira wa miguu peke. Katika hoki, ule mchezo wa fimbo wanaoucheza jirani zetu wa Kenya, goli inahesabiwa tu kama mushambuliaji amegusa mupira ndani ya nusu duara iliyo mbele ya goli. Kwa hiyo mabeki banajaa pale. Pahali pa kufungia njo pahali penye watu wengi.

Basi tufanye hivi, hata kama tuko na mupira moja. Mutoto apokee akiwa amepa goli mugongo, beki hatua mbili nyuma yake. Juma ya kwanza beki amufuate tu. Juma ya pili anyanganye kweli, lakini kumupiga mutu miguu kwa nyuma, hapana. Kisha tuongeze beki wa pili, na mwenzake wa kupasia. Apige mbele ya sekunde tatu kuisha. Goli bila beki isihesabiwe. Na mabinti waingie kucheza, si kuangalia kando.

Kazi hii haiombi stade wala feza. Bakubwa ba mutaa tunabaomba kitu moja tu: kiwanja kisiuzwe, kisichimbwe. Ingine yote ni juu yetu, kuanzia kesho mangaribi.