Dar–Dodoma: Ndege ya saa moja, safari ya saa nne

KUTOKA Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere hadi Dodoma ni takriban kilomita 400 angani, mwendo wa saa moja hivi. Hesabu hiyo haimtoshi abiria. Anayeishi Mbezi huondoka nyumbani saa tatu kabla ya ndege kuruka, akihofia foleni za barabarani na za ukaguzi.

Tangu treni ya umeme ilipozinduliwa rasmi Agosti 1, 2024, ikitumia chini ya saa nne, pengo hilo limepungua mno, ingawa stesheni nayo ina foleni zake. Uwanja mkongwe wa Dodoma, angalau, uko mjini. Msalato uko nje ya mji, na kila ndege itakayotua huko itamwachia abiria kipande kingine cha barabara.