Lokole ikiingia ndani ya sampla, maneno yake yasipotee

Lokole si ngoma ya kuchezea tu. Kwa watu wa Tshopo, kutoka vijiji vya Walokele kandokando ya mto hadi kwenye misitu ya Isangi na Yahuma, gogo hilo lililochimbwa ndani lilifanya kazi ya simu na ya redio kabla vitu hivyo havijafika. Lilitangaza kifo, liliita watu kwenye kikao, lilitoa habari ya mgeni aliye njiani. Leo kijana mtengeneza muziki akitaka kuliingiza katika mashine yake, apongezwe. Lakini akifanya vibaya, atabaki na mlio bila maneno.

Sampla ni mashine inayonasa sauti yoyote na kuitoa tena mtu anapobonyeza. Sampla ya sehemu nyingi, kama Akai S2000 ya mwaka 1995, inabeba sehemu 16 kwa wakati mmoja. Kila sehemu inapewa sauti yake na chaneli yake ya MIDI, utaratibu ambao vyombo vya muziki vinautumia kuelewana tangu 1983. Sikwensa ndiyo inayotoa amri: chaneli hii ipige besi, ile gitaa, nyingine ngoma. Mtu mmoja anakuwa na kundi zima mezani. Siku hizi programu ya kompyuta inafanya kazi ileile.

Sasa tatizo liko wapi? Lokole ina midomo miwili, mmoja wa sauti ya juu na mmoja wa sauti ya chini. Katika Kilokele, kupanda na kushuka kwa sauti kunatofautisha maneno, na ndicho ngoma inachokitoa. John Carrington, mmisionari Mwingereza aliyeishi Yakusu karibu na Kisangani, alieleza jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1949: neno la mwezi na neno la kuku yanalia sawasawa kwenye ngoma. Kwa hiyo mpigaji huongeza maneno mengine mpaka msikilizaji ajue ni lipi.

Mazoea mawili ya studio yanaharibu lugha hiyo. La kwanza ni kunasa pigo moja tu na kulitawanya kwenye kinanda, likapigwa kwa sauti tano au sita. Mwenye kuijua lokole hasikii tena neno, anasikia kelele. Afadhali kunasa midomo yote miwili, pigo la nguvu na la polepole, kila moja kwenye kitufe chake, na tofauti ya sauti kati yao isiguswe.

La pili ni ile kazi ya sikwensa ya kunyoosha mapigo ili yote yaangukie kwenye mstari. Kwa besi inafaa. Kwa ngoma inayosema, ni kama kumlazimisha mzee azungumze kwa hatua za askari. Kwenye chaneli ya lokole kazi hiyo izimwe, au msemo mzima unaswe kama kipande kimoja, halafu besi na gitaa ndivyo viufuate.

Wengine watajibu kwamba wimbo si barua, na kila kizazi kina haki ya kubadilisha. Ni kweli. Lakini anayebadilisha ajue kwanza anachobadilisha, na hilo atalijua kwa kukaa na wazee. Kuna misemo ya matanga ambayo haifai kupigwa kwenye nganda watu wakinywa.

Na wazee hao hawako mbali. Tangu Februari 2023, mgogoro wa ardhi kati ya Wambole na Walengola umefukuza maelfu ya watu, na wengi wamekimbilia Kisangani. Anayekimbia usiku hubeba mtoto na sufuria. Gogo zito linabaki kijijini au linaungua na nyumba. Anayejua misemo amebaki nayo kichwani tu. Mzee wa namna hiyo akifariki akiwa mhami, hakuna mashine itakayoirudisha.

Kwa hiyo mwenye studio aanze kwa kuomba ruhusa, alipe, na aandike jina la mpigaji, kijiji chake na maana ya msemo. Tena ahifadhi mara moja. Sampla za zamani husahau kila kitu zikizimika, na Kisangani umeme haupigi hodi unapoondoka. Nakala moja ikae studio, moja ipewe familia, nyingine ipelekwe kwenye redio ya jamii.

Familia za wahami nazo zisingoje studio. Penye mzee anayejua, watoto wakae karibu naye jioni, hata kama lokole ni dumu la plastiki tu. Bora dumu linalosema kuliko mashine nzuri isiyojua inasema nini.