Simu yako iwe daftari la kisukari, isiwe daktari

Swali ninaloulizwa sana kliniki siku hizi, na watoto wanaowasindikiza wazazi wao na wazazi wanaowaleta watoto wao, ni hili: "Daktari, nipakue programu gani ya kisukari kwenye simu?" Ni swali zuri. Linaonyesha kwamba watu wanataka kuushika ugonjwa huu kwa mikono yao wenyewe.

Mimi hulijibu kwa maswali mengine mawili. Mashine ya kupimia sukari unayo? Na stripu zake zipo? Programu ya simu haina cha kukuambia ikiwa wewe huna namba ya kuiambia. Huo ndio msimamo wangu, na leo nataka nikueleze sababu zake. Simu ni daftari zuri sana la kisukari, lakini si kipimo wala si daktari. Anayechanganya mambo hayo anaweza kupoteza fedha, na wakati mwingine maisha.

Simu inachoweza

Kisukari ni ugonjwa wa kila siku. Daktari anakuona mara moja kwa mwezi, au kwa miezi mitatu, tena kwa dakika chache. Siku nyingine zote unajihudumia mwenyewe: unapima, unakula, unameza dawa au unachoma insulini, unafanya kazi, unalala. Ili nikupangie dawa vizuri, nahitaji kujua siku hizo zilikwendaje.

Ukiniambia "sukari yangu inapanda na kushuka," hujanipa kitu cha kufanyia kazi. Ukinionyesha kwamba asubuhi kabla ya kula unakuwa na 6, lakini saa mbili baada ya chakula cha usiku unafika 14, najua pa kuanzia: tuangalie sahani ya usiku na dawa inayoendana nayo. Ukinionyesha kwamba unalala na 8 kisha unaamka na 12, nitatafuta sababu nyingine kabisa. Hata kipimo cha HbA1c, kinachotupa wastani wa sukari wa takriban miezi mitatu, hakiwezi kuniambia ni saa ngapi mambo yanaharibika. Namba zako za kila siku ndizo zinazoniambia.

Hapo ndipo programu inaposaidia kweli. Unaingiza namba, yenyewe inaweka saa na tarehe, na baada ya wiki mbili inakuchorea picha ambayo mimi na wewe tunaweza kuisoma pamoja. Daftari la karatasi nalo linafaa, ila wapo wanaolijaza lote usiku wa kuamkia kliniki, kwa kalamu moja na mwandiko mmoja. Tunawajua.

Kazi ya pili ya simu ni kukumbusha. Insulini ya usiku, vidonge vya baada ya kula, kukagua miguu kabla ya kulala, tarehe ya kliniki, siku ya kununua dawa kabla hazijaisha. Kwa hili huhitaji hata kupakua kitu. Kengele inayokuamsha asubuhi inatosha, na haili bando.

Kazi ya tatu ni kuwaunganisha watu. Chukulia mtoto wa darasa la nne mwenye kisukari aina ya kwanza. Saa nne asubuhi anapima shuleni, mwalimu anapiga picha kioo cha mashine na kuituma WhatsApp, na mama aliyeko dukani anajua hapo hapo kama mwanawe yuko salama au anahitaji kula kitu. Kwa wenye uwezo zaidi, kuna vihisi vinavyobandikwa mkononi au tumboni, vyenye kijiuzi chembamba kinachoingia chini ya ngozi na kusoma sukari kwenye majimaji ya mwilini, kisha kutuma namba kwenye simu mchana na usiku. Vinasaidia sana, hasa watoto wanaoshukiwa na sukari wakiwa wamelala. Lakini elewa kwamba aliyepima hapo ni kihisi, si simu. Tena namba yake huchelewa kidogo nyuma ya damu, kwa hiyo ikipingana na unavyojisikia, choma kidole upime.

Neno moja kwa wazazi. Namba za sukari si alama za mtihani. Ukipokea 15 kwenye simu yako na jambo la kwanza likawa kumpigia kijana wako na kumgombeza, atajifunza haraka sana kuandika 7 hata kama hakupima. Hapo daftari lenu litakuwa la uongo, nami nitaongeza au kupunguza dawa kwa kufuata uongo huo. Uliza kwanza: "Umekula nini? Umechoma? Unajisikiaje?" Lawama haishushi sukari.

Simu isichoweza

Sasa niseme lisilopendeza. Zipo programu zinazodai kupima sukari ukiweka kidole juu ya kamera ya simu. Usiziamini. Kamera na taa yake vinaweza kukadiria mapigo ya moyo, kwa sababu mwanga unaopita kidoleni hubadilika kila moyo unaposukuma damu. Sukari haisomeki kwa njia hiyo. Unachoona kwenye kioo ni namba tu, imevaa nguo za kitabibu.

Hali ni hiyo hiyo kwa saa na pete zinazouzwa mitandaoni kwa madai kwamba zinapima sukari bila kuchoma ngozi. Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliwaonya wananchi wasizitumie, na ikasema haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe kwa namna hiyo. Usiichanganye na saa inayoonyesha namba zilizotumwa na kihisi cha kweli. Hiyo ni kioo tu cha kusomea.

Hatari yake iko hivi. Saa ikikudanganya kwamba una 18 wakati una 6, ukaongeza insulini, sukari itaporomoka na unaweza kuzimia au kupata degedege. Ikikudanganya kwamba una 6 wakati una 25, utaendelea na shughuli zako huku mwili ukikauka maji na damu ikijaa asidi. Mtoto mwenye kisukari aina ya kwanza anaweza kufika hatua ya kupoteza fahamu kwa muda mfupi sana.

Jambo la pili ni dozi. Mwaka 2015 watafiti wa Imperial College London walichapisha matokeo ya ukaguzi wa programu 46 za kukokotoa dozi ya insulini. Programu 31 kati ya hizo zilikuwa na hatari ya kumpa mgonjwa dozi isiyofaa, na baadhi zilikubali kupiga hesabu hata pale ambapo mtumiaji hakujaza taarifa zote. Miaka imepita na zipo zilizo bora, lakini duka la simu halikutofautishii nzuri na mbaya. Zote zina picha za kuvutia na nyota tano. Usianze kuchoma insulini kwa hesabu ya programu ambayo daktari wako hajaikagua na kuingiza mwenyewe viwango vyako. Kwa mtoto, sharti hili halina mjadala.

Jambo la tatu ni vipimo na vyakula. Mashine nyingi za hapa kwetu husoma kwa mmol/L, lakini programu nyingi zilizotengenezwa Marekani husoma kwa mg/dL. Tofauti ni mara 18: 7 ya kwetu ni 126 ya kwao. Kabla hujaandika namba ya kwanza, ingia kwenye mipangilio uchague kipimo kinacholingana na mashine yako. Na usishangae programu ikikupa aina ishirini za mikate huku haijui ugali wa dona, kisamvu wala ndizi za kupika. Badala ya kuchagua chakula kinachofanana kidogo, piga picha sahani yako. Picha hiyo, ikiwa pamoja na namba ya saa mbili baadaye, itakufundisha kuhusu ugali wako kuliko orodha yoyote ya vyakula vya ughaibuni.

Usisubiri simu

Kuna wakati simu iwekwe kando kabisa. Ukitetemeka, ukitoka jasho jembamba, ukichanganyikiwa au njaa ikakushika ghafla, pima. Ikiwa chini ya 3.9 mmol/L, au huna cha kupimia kwa haraka, kula au kunywa sukari hapo hapo: vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Subiri dakika 15, pima tena, na kama bado iko chini, rudia. Ikishapanda, kula chakula. Mtoto mdogo huhitaji kiasi pungufu, muulize daktari wake mapema. Aliyepoteza fahamu asipewe kitu mdomoni. Mlaze ubavu na mkimbize hospitali.

Fedha iende wapi kwanza

Najua familia nyingi zinapimia shilingi. Kwa hiyo nitasema wazi mpangilio wangu: kwanza dawa au insulini, pili stripu na sindano, tatu nauli ya kliniki. Programu ya kulipia kila mwezi inakuja baada ya hayo yote, na mara nyingi haina ulazima. Fedha ya saa janja ya mtandaoni inanunua stripu za wiki kadhaa. Ukiwa na stripu chache, usizimalize kwa kupima bila mpango. Muulize daktari ni saa zipi zina maana zaidi kwako.

Ukiamua kupakua, chagua ya bure inayokuruhusu kuandika namba, chakula na dawa, inayofanya kazi hata bando likiisha, na inayoweza kutoa ripoti ya kumwonyesha daktari. Ikianza kukuuzia mitishamba ya "kuponya kisukari kabisa" au kukuambia uache insulini, ifute siku hiyo hiyo. Soma pia inaomba ruhusa gani. Daftari la sukari halina haja ya kujua majina yote yaliyo kwenye simu yako. Taarifa za afya yako ni mali yako, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inayozilinda, lakini mlinzi wa kwanza ni kidole chako kabla hakijabonyeza "kubali."

Wewe mwenye kitochi usijione umeachwa nyuma. Mwaka 2014 Senegal ilianza kuwatumia wagonjwa ujumbe mfupi wa mafunzo ya kisukari, ikianzia na mwezi wa Ramadhani, kwa kushirikiana na Shirika la Afya Duniani. Ujumbe huo uliingia kwenye simu ya aina yoyote. Kengele ya kitochi chako, daftari la shule na kalamu vinafanya kazi ile ile ninayoisifia hapa.

Kwa wenzangu madaktari na wauguzi nina ombi: mgonjwa akikunyooshea simu yake, ipokee. Tumia hata dakika mbili kuzipitia namba zake pamoja naye. Mtu aliyechoma kidole mara 30 ili akuletee taarifa, akaona huziangalii, hatachoma tena.

Na wewe msomaji, anza na kidogo. Kabla ya kliniki yako ijayo, chagua siku saba. Kila siku pima nyakati ulizoelekezwa, andika namba, saa, ulichokula na dawa uliyotumia. Usiipambe namba mbaya na usiifiche. Siku ya kliniki, kabla hujavua viatu nikague miguu, tuanze na hizo siku saba.