Sumukuvu: saratani ya ini huanzia shambani, sokoni hakuna anayelipia mahindi safi

MIPANGO ya kupambana na saratani inapojadiliwa, mkulima wa mahindi na karanga hukaa pembeni kama mtazamaji. Mawazo ya wengi huenda Ocean Road, Dar es Salaam, au Bugando, Mwanza, kwenye mashine za mionzi na foleni za wagonjwa. Hata hivyo, ipo saratani moja ambayo sehemu kubwa ya kinga yake iko mikononi mwa mkulima, mwenye mashine ya kusaga na mfanyabiashara wa nafaka. Ni saratani ya ini, na mojawapo ya vyanzo vyake ni sumukuvu.

Sumukuvu hutengenezwa na ukungu unaoota kwenye nafaka na karanga. Ukungu huo huingia tangu shambani, hasa mmea unapokumbwa na ukame wakati wa kujaza punje, kisha huendelea kuongezeka ghalani kama mazao yamewekwa yakiwa na unyevu. Sumu yenyewe haina rangi, harufu wala ladha, na moto wa jikoni hauiondoi. Dunia iliitambua baada ya mwaka 1960, wakati batamzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza kwa kulishwa chakula chenye mashudu ya karanga. Mwaka 1987, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC) liliiweka kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, kundi moja na moshi wa sigara.

Serikali za Afrika Mashariki zimeshituka zaidi pale sumu hii ilipoua kwa mkupuo. Kenya mwaka 2004 iliripoti wagonjwa 317, na 125 kati yao walifariki dunia. Tanzania ilipata zamu yake mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, ambako watu 68 waliugua na 20 wakapoteza maisha. Matukio kama hayo huleta mawaziri vijijini na kamera za televisheni. Lakini mtu anayekula kiasi kidogo cha sumu kila siku kwa miaka ishirini haangukii shambani. Hufika hospitali akiwa na tumbo lililojaa maji na macho ya manjano, wakati tiba imebakia na la kufanya kidogo mno, na hakuna anayeuliza mahindi yake yalianikwa wapi.

Kwa upande wa afya, hatua kubwa ilichukuliwa mwaka 2002, Tanzania ilipoanza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya homa ya ini aina ya B. Chanjo hiyo ni kinga ya saratani, ingawa wazazi wengi hawaijui kwa jina hilo. Virusi hivyo na sumukuvu hushirikiana: mtu mwenye vyote viwili anaweza kuwa katika hatari ya saratani ya ini hadi mara 30 zaidi ya yule anayekula sumukuvu bila virusi. Tatizo ni kwamba waliozaliwa kabla ya mwaka huo hawakuchanjwa wakiwa watoto, na hao ndio wanaolima na kufanya biashara leo. Kwao, kinga inayobaki kwa kiasi kikubwa ni ubora wa chakula.

Je, chakula peke yake kinaweza kupunguza vifo? Mfano wa kuangalia ni Qidong, wilaya ya China iliyo jirani na Shanghai, ambako saratani ya ini ilikuwa janga. Katika miaka ya 1980 China ililegeza masharti ya biashara ya mazao, na familia zilizokuwa zikitegemea mahindi zikaanza kununua mchele. Kwa miongo iliyofuata vifo vya saratani ya ini vilipungua kwa karibu nusu, na watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2013 walieleza kuwa zaidi ya nusu ya upungufu huo ulitokana na watu kula sumukuvu kidogo. Waliochanjwa walikuwa bado vijana, hivyo chanjo haikuweza kuwa sababu kuu. Kwa maneno mengine, sera ya soko la nafaka iliokoa maisha ya watu bila kuitwa sera ya afya.

Hakuna anayetarajia Mtanzania aache ugali. Lakini inafaa kukumbuka kuwa wenyeji wa Dodoma walikuwa watu wa mtama na uwele, mazao yasiyopendwa sana na ukungu huu na yanayovumilia ukame, kabla ya mahindi kuteka kila sahani.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na maisha ya hapa. Nchini Guinea, utafiti uliotolewa mwaka 2005 ulifanyika katika vijiji 20 vya wakulima wa karanga. Nusu ya vijiji vilifundishwa mambo ya kawaida kabisa: kuchambua karanga kwa mkono, kuzianika juu ya mikeka badala ya udongo, kuzikausha vizuri, kutumia magunia ya katani au nyuzi nyingine za asili badala ya plastiki, na kuyapanga juu ya mbao. Miezi mitano baada ya mavuno, damu ya wanavijiji hao ilipimwa na kukutwa na dalili za sumukuvu chini ya nusu ya kiwango cha vijiji vingine.

Kama kazi ni nyepesi hivyo, kwa nini haifanyiki? Jibu liko kwenye mizani. Mkulima mwenye mahindi yenye unyevu wa asilimia 18 akiyakausha hadi asilimia 13.5, ambacho ndicho kiwango cha juu cha Afrika Mashariki, kila kilo 100 hubaki kilo 94.8. Mwenye magunia 20 anapoteza gunia zima, lililokuwa maji. Mnunuzi anayefika kijijini na lori wiki ya kwanza ya mavuno hana kipima unyevu, na bei yake ni moja kwa mahindi makavu na mabichi. Huyo aliyekausha kwa bidii amejipiga faini mwenyewe. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) hupima unyevu kabla ya kununua, lakini sehemu kubwa ya mahindi haipiti kwake. Vita vya miaka mingi dhidi ya lumbesa vilihusu ujazo wa gunia. Kilichomo ndani hakikugombewa hivyo.

Karanga zina balaa lake. Kuna wanaozilowesha maji ili zibanguke kwa urahisi, au ziongeze uzito, jambo ambalo ni sawa na kuukaribisha ukungu mezani. Na zile mbovu zinazochambuliwa huenda wapi? Mara nyingi hazitupwi. Huuzwa bei ya chini, husagwa, na zikishasagwa hakuna jicho linaloweza kuzitambua. Punje mbovu za mahindi na pumba nazo huenda kwa ng'ombe na kuku, na sumu ikala njia ya maziwa kurudi kwa mtoto.

Kwa wafanyabiashara, somo lilikuja Machi 2021, pale Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa madai ya sumukuvu. Malori yalikwama Namanga. Siku chache baadaye zuio liliondolewa kwa masharti, likiwamo la cheti kinachoonyesha kuwa sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Kiwango hicho ni sawa na gramu moja ndani ya magunia 1,000 ya kilo 100. Isitoshe, sumu haisambai sawasawa: gunia moja laweza kuwa safi na la jirani likawa hatari, hivyo sampuli ikichukuliwa juu juu, mzigo ule ule unaweza kupita asubuhi na kukataliwa jioni.

Serikali haikukaa kimya. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango (TBS), na mradi wa TANIPAC, uliopewa takriban dola milioni 35, ulilenga maghala, elimu na maabara. Aidha, mwaka 2018 kilisajiliwa kiuatilifu hai cha Aflasafe, ambacho ni ukungu usiotoa sumu unaopandikizwa kwenye mbegu za mtama zilizouawa kwa joto. Kilo nne hutawanywa katika ekari moja wiki mbili hadi tatu kabla ya mahindi kutoa maua, na ukungu huo hunyang'anya nafasi ule wenye sumu. Umaskini wake kibiashara ni kwamba, tofauti na mbolea, hauongezi hata debe moja. Mkulima analipa, anayenufaika ni ini la mlaji wa mjini.

Hapo ndipo fedha za saratani na fedha za kilimo zingepaswa kukutana. Kipima unyevu kimoja kwenye kila ghala la ushirika, pamoja na bei mbili zilizobandikwa mlangoni, ya mahindi makavu na ya mabichi, ni gharama ndogo ukilinganisha na mashine ya mionzi. Masoko makubwa kama Kibaigwa, yenye mizani na ushuru unaokusanywa kila siku, yanaweza kuanza msimu huu bila kusubiri sheria mpya. Mkulima asiye na kipima naye ana njia: chumvi kavu ikitikiswa na mahindi ndani ya chupa kavu, ikinata ukutani, mahindi hayo yarudishwe juani.