Wajukuu wa Wenela

Mwingereza anayetaka kujua babu yake alikuja Mombasa kwa meli gani hufungua orodha za abiria zilizohifadhiwa London, za kuanzia 1890 hadi 1960: jina, umri, kazi. Mjukuu wa Tunduma au Ileje hana bandari ya kuanzia. Wazee wetu waliokwenda kuchimba dhahabu Johannesburg waliandikishwa na Wenela, wakala wa kuajiri vibarua wa migodi, na kufikia miaka ya 1950 wengi walipelekwa kwa ndege hadi Francistown, kisha kwa treni. Kumbukumbu za TEBA, iliyorithi Wenela, zipo Chuo Kikuu cha Johannesburg. Ukiwaandikia, usitaje Songwe, mkoa wetu wa leo uliozaliwa 2016. Taja Mbeya, na kwa Mndali wa Ileje, Rungwe. Jina nalo lijaribu kwa tahajia zote, maana karani aliandika alivyosikia. Halmashauri zetu zinapenda ziara za mafunzo. Moja ingeelekea chuoni huko Johannesburg ikaomba nakala za kumbukumbu hizo. Ila kwanza muulize bibi jina la mgodi aliofanyia kazi babu, angali anakumbuka.