Maji Uliyoyavulia Nguo Si Lazima Uyaoge Leo

Jamani, leo nataka kugombana na methali. Ile tuliyokaririshwa shule ya msingi: maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Na wazee walioitunga sina neno. Wao walisema juu ya ahadi, kwamba jambo ukilianza ulimalize. Ninaogombana nao ni makocha na mabingwa wa mazoezi wa hapa mjini Arusha, ambao wameichukua methali hiyo na kuipeleka kwenye bwawa la kuogelea kama ilivyo. Umeingia majini? Basi hutoki mpaka umalize. Mwili umegoma? Kaza buti. Mikono haiendi? Acha kudeka.

Kila anayeogelea kwa mazoezi anaijua siku ninayoisema. Jumanne ulikata maji vizuri, ukatoka unacheka. Alhamisi bwawa ni lile lile, saa ni ile ile, lakini mikono ina uzito wa magunia ya mkaa, miguu inazama, pumzi inakata kabla hujagusa ukuta. Maji yenyewe kama yamegeuka uji. Unajiuliza, hivi mimi ndiye niliyeogelea juzi?

Sasa hapo ndipo anapokuja mtu wa kaza buti. Dawa yake ni moja kwa magonjwa yote: ongeza. Umechelewa kwa sekunde tano, rudia. Umerudia ukachelewa tena, ongeza mizunguko minne. Mimi nasema dawa hiyo ni sumu, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza, wanasahau tunaogelea wapi. Arusha iko kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa kimo hicho msukumo wa hewa umepungua kwa karibu asilimia 15 ukilinganisha na Dar es Salaam au Tanga, maana yake kila pumzi inakuletea oksijeni pungufu. Mkimbiaji akiishiwa anapumua anavyotaka. Muogeleaji wa mtindo huru anapumua pale tu mkono na kichwa vinaporuhusu. Kijana aliyeshuka basi jana kutoka Dar, akaingia bwawani leo, akaishiwa pumzi katikati, huyo si mvivu. Mpe siku kadhaa damu yake ianze kuzoea.

Halafu kuna baridi. Wenyeji mnaijua Juni na Julai ya hapa, Mlima Meru umejifunika mawingu tangu asubuhi na mtu anakwenda kazini na koti. Mabwawa yetu mengi ni ya hoteli na ya shule, na yasiyo na mashine ya kupasha maji yanapoa kweli kweli. Maji huondoa joto mwilini mara 25 hivi kuliko hewa yenye ubaridi ule ule. Misuli iliyopoa haivuti. Ukimwongezea mtu mizunguko akiwa anatetemeka, unamfundisha kuogelea vibaya, kwa sababu mwili uliochoka unakariri makosa: kiwiko kinaanguka, kichwa kinainuka, kiuno kinazama. Kesho yake makosa hayo ndiyo mtindo wake mpya.

Tatu, na hili ndilo linaloniudhi zaidi, siku mbovu mara nyingine ni ujumbe. Katika bwawa moja la hapa mjini, nisilolitaja, nilimwona kijana wa miaka ishirini na kitu akiomba kutoka. Alisema kichwa kinamgonga na viungo vinauma. Kocha akamjibu mbele ya watu kwamba visingizio viachwe kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Akaongezewa mizunguko sita, akaimaliza ameshika ukuta kwa mikono miwili. Jioni alipima, akakutwa na malaria. Malaria alipona. Bwawani hajarudi mpaka leo. Mchezo wa kuogelea nchini kwetu una watu wachache mno, halafu tunamfukuza mmoja kwa sababu alikuwa na homa!

Najua watakavyonijibu. Watanitajia John Stephen Akhwari. Kila mhubiri wa kaza buti Tanzania ana Akhwari mfukoni. Sawa, tumzungumze huyo Akhwari, mtu wa Mbulu, jirani yetu. Mwaka 1968 kwenye Olimpiki ya Mexico City alianguka katika marathoni, goti likaumia, akafungwa bendeji, akaendelea akichechemea mpaka uwanjani. Alimaliza wa mwisho, zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Namvulia kofia mpaka kesho.

Lakini ile ilikuwa Olimpiki. Siku moja, mbele ya dunia, na jina la nchi kifuani. Haikuwa Alhamisi ya mazoezi. Na wahubiri hawa huwa hawasemi kwamba katika mbio zile zile alikuwepo Abebe Bikila, bingwa wa Olimpiki wa 1960 na 1964. Mguu wake ulikuwa umeumia, akatoka baada ya kilometa 17 hivi. Nani atathubutu kusimama Addis Ababa na kusema Bikila alikuwa mdekaji?

Kama mnataka mfano wa majini, upo pia. Mwaka 2019, kwenye mashindano ya dunia ya Gwangju, Korea Kusini, Katie Ledecky wa Marekani aliugua. Alijitoa mita 200 na akaiacha fainali ya mita 1,500, mbio ambazo ni kama shamba lake mwenyewe. Akapumzika. Siku chache baadaye akarudi na kushinda dhahabu ya mita 800. Angekuwa kwenye lile bwawa letu, angeongezewa mizunguko sita.

Na hata hapa nyumbani, waangalieni wakimbiaji wanaojifua kuuzunguka Meru, huko Ngaramtoni na kwingineko. Zipo siku wanaruka kama swala. Zipo siku nyingine wanakwenda taratibu mpaka mtoto wa shule mwenye begi anaweza kuandamana nao. Hiyo siku nyepesi imo ndani ya ratiba, wala hakuna anayewazomea. Alphonce Simbu, anayefanya mazoezi yake hapa Arusha, alikuwa wa 5 kwenye Olimpiki ya Rio 2016, akawa wa 17 Paris 2024. Mwaka uliofuata, Septemba 2025, akawa bingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo, akimpita Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu 3 za mia za sekunde. Hebu fikiria mtu aliyempima kwa siku moja ya Paris.

Swali la haki kabisa mnaloweza kuniuliza ni hili: sasa uvivu tutaujuaje? Maana wavivu wapo, tusidanganyane. Jibu langu ni rahisi. Uvivu huisha ukishalowa. Ingia, ogelea taratibu kwa dakika kumi au mita 400, bila saa, bila kushindana na wa pembeni. Mvivu akifika hapo ameshapona na amesahau alichokuwa analalamikia. Mwenye siku mbovu ndiyo kwanza anazidi kuzama. Sasa umepata jibu, na una njia tatu.

Kama ni uzito tu, bila maumivu wala homa, badilisha kazi. Tupa ratiba ya kasi. Hesabu mikono mingapi unatumia kutoka ukuta hadi ukuta, halafu jaribu kupunguza mmoja. Chukua ubao ufanyie miguu. Lala chali uogelee mgongo. Nusu ya umbali inatosha. Utatoka hujavunja rekodi, lakini utakuwa umefanya kazi ambayo siku ya nguvu huwa huna subira nayo.

Kama bega linachoma, kichwa kinazunguka, una homa au unatetemeka, toka. Usiombe radhi. Kunywa maji, maana mwilini jasho linatoka hata ukiwa umelowa, kisha kapime. Na kocha yeyote anayekuadhibu kwa kukuzuia usipumue, eti uvuke bwawa zima chini ya maji, mkatalie kabisa. Mtu anaweza kupoteza fahamu chini ya maji bila kupiga kelele hata moja, akafa wenzake wakidhani anajionyesha.

Na kama siku mbovu zimefuatana wiki mbili, acha kulaumu roho yako. Angalia usingizi, chakula, kazi za ofisini, mapigo ya moyo asubuhi kabla hujaondoka kitandani. Yakizidi ya kawaida yako siku kadhaa mfululizo, mwili unakuambia kitu. Nenda kwa daktari, usiende kwa mhubiri.

Kuna jambo moja dogo la kwetu vijana wa mjini ambalo hatulisemi. Tunakaza kwa sababu tumelipa. Kiingilio cha bwawa si cha bure, bodaboda si ya bure, na kwenye kundi la WhatsApp wenzako wamekwisha tuma picha za saa zao zikionyesha kilometa mbili. Basi unaona ukitoka baada ya nusu saa umeibiwa. Hujaibiwa bwana. Hela hiyo ilinunua nafasi ya kuingia majini, haikununua kipigo.

Mwanzoni mwa safari hii ya kuogelea watu wengi hudhani kinachomtengeneza muogeleaji ni siku zile tamu. Mimi naamini kinachomtengeneza ni kurudi. Mtu aliyeondoka Alhamisi akiwa na nguvu kidogo na heshima yake yote atarudi Jumamosi. Aliyeondoka ametukanwa, anatapika maji ya klorini, atatafuta mchezo mwingine au kochi la nyumbani. Makocha, mkitaka kuhesabu kitu, hesabuni hao wanaorudi.

Kwa hiyo methali yenu nawarudishia. Maji ukiyavulia nguo, yaoge. Lakini wazee hawakusema yaogwe yote leo.