MALEZI: MTOTO USIYEMZAA



Wahenga walisema, "Kuzaa si kazi, kazi ni kulea." Huko Irente, karibu na mji wa Lushoto, iko nyumba ya watoto ya Kanisa la Kilutheri. Hulelewa humo watoto wachanga, wakiwemo waliofiwa na mama. Baadaye wengi huchukuliwa na jamaa zao. Hapo ndipo kazi yetu inapoanza.

Siku za kwanza mtoto aweza kulia usiku, au kukataa chakula. Usimpige. Amepoteza watu aliowazoea. Mbebe. Mwite kwa jina lake. Usimwite "yatima".

Wape watoto wote chakula sawa. Mwezi wa Julai baridi ya Usambara ni kali. Wako akivaa sweta, naye avae. Kazi za bustani wafanye wote. Shule waende wote. Akiuliza habari za mama yake, mweleze ukweli kwa upole.

Je, mtoto si wa ukoo wako? Usimchukue kienyeji. Mwone Afisa Ustawi wa Jamii wilayani. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, Mahakama Kuu ikikubali, huyo ni mtoto wako kama uliyemzaa.

Tuwalee wote sawa.